Kadi ya Harusi Yenye Sura ya Kesi

Makwasinyi, Jumatatu

Kwako Bwana Phineas, mwenye duka la kuchapisha kadi, Voi.

Nakusalimu kwa heshima, ingawa hujanipa sababu. Mimi ni Tryphena, nyanya wa Daisy anayeolewa Jumamosi hii. Shule niliacha darasa la tatu, lakini herufi mbaya naijua hata ikiwa ng'ambo ya bonde. Kadi za harusi ulizotupa zina makosa haya:

1. Umetumia herufi za ile mashine ya zamani ya kupiga taipu. Kila moja imesimama peke yake, kama watu kwenye foleni ya kitambulisho. Ile "e" imejaa wino tumboni, "a" imeruka juu ya mstari, "t" imefifia. Nikauliza, mashine imeharibika? Ukanijibu eti hakuna mashine, ni kompyuta imefundishwa kukosea, ndiyo mtindo. Bwana, hata mimi naweza kukosea bila kompyuta, na silipishi mtu.

2. Huku kwetu Kasigau herufi hizo zina kazi yake, ni za barua za serikali. Ndizo zilituambia fidia ya mahindi yaliyoliwa na ndovu haipo. Ndizo huita mtu kortini. Hazijawahi kuita mtu kula pilau.

3. Kwa hivyo ndugu yangu Thadeus hata hakusoma. Aliona sura ya kadi tu, akaswaga ng'ombe wake mpaka mlima Ndara kuwaficha.

4. Teresia, tunayeimba naye kwaya, alinijia na hati ya shamba na picha mbili za pasipoti, analia, anauliza ni upande gani unachukuliwa. Nikamwonyesha ua lililochorwa pale chini. Akasema huo ni muhuri.

5. Bwana harusi mwenyewe, Musyimi, alipoona jina lake limepigwa hivyo, alijibu kwa maandishi kwamba yeye hahusiki.

Hilo la tano ndilo limenitoa kitandani. Daisy amekataa chakula. Jumamosi mtoto wetu atasimama kanisani peke yake na keki, kwa ajili ya mtindo wako!

Naomba kwa upole uchape kadi zote upya, kwa zile herufi za kujikunja zenye mikia. Halafu uzipeleke mwenyewe nyumba kwa nyumba, huku unacheka, watu waone wewe si serikali. Kwa Musyimi upige magoti.

Nisalimie mke wako, wafanyakazi wako, na yule mama wa chai mlangoni pako. Yeye hana kosa.

Ni mimi, ambaye bado sijatulia,
Tryphena

N.B. Barua hii ilikosa mtu wa kuipeleka mpaka leo Jumapili. Jana watu wote walifika saa moja asubuhi, wamenyoa, wameshika vitambulisho. Pasta alipomuuliza Musyimi kama anakubali, alijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Hata kijana wangu Donald wa Nairobi, ambaye miaka yote hana nafasi ya kuja nyumbani, alifika wa kwanza, tena na wakili. Usibadilishe kitu. Nichapie kadi nyingine ya Krismasi kwa herufi hizo hizo, na wakili pia umwandikie. Ndiye pekee aliyecheza.