Meza Yangu ya Kona ya Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti

Kaka amehamia chuoni. Kona yake ya dirishani iko wazi! Naitaka kwa meza ya kusomea. Mtihani ni Novemba, na hadi leo nasomea kitandani, daftari juu ya mto. Dada anaitaka kwa meza ya vipodozi. Baba, ambaye hapendi kesi, ameamua: atakayetangulia kusimamisha meza pale kabla ya Jumamosi magharibi, kona ni yake. Dada ameshaagiza kwa fundi seremala. Mimi nitaunda mwenyewe. Mlango wetu ni mwembamba, kwa hiyo meza yangu itaingia vipande vipande. Fundi huyo huyo amenipa viungo vinane vya kabati lililovunjwa, pamoja na karatasi yake ya maelekezo. Kila kiungo ni kama kifungo cha koti: unakizungusha kwa bisibisi, kinang'ata kichwa cha skrubu iliyochomoza kutoka ubao wa pili. Bila gundi, bila msumari. Dada amekwisha!

Jumanne, 5 Agosti

Baba ameniletea plaiwudi. Imeandikwa 18 kwa chaki, na karatasi inataka ubao wa milimita 18. Mwalimu wa ufundi alitufundisha kupima mara mbili kabla ya kukata. Nimepima urefu mara mbili. Upana mara mbili. Nimekata. Dada kapita, akauliza kuku watahamia lini. Nimeendelea kufagia vumbi la mbao. Nimejiheshimu.

Jumatano, 6 Agosti

Ee Mungu wangu. Kila kiungo kinataka tundu lenye kina cha milimita kumi na tatu. Nikatoboa la kwanza kwa keekee ya Baba, nikaona mwanga. Nikadhani mkono uliteleza. Nikatoboa la pili. Mwanga. Nikatoboa yote manane, kwa matumaini. Ndipo nikapima unene. Kumi na mbili! Bibi alikuwa ameketi upande wa pili. Akasema kazi ni nzuri, ananiona vizuri kabisa.

Nikakimbia dukani. Muuza mbao akaniambia mwanangu, kumi na nane ni jina lake tu, Baba angetaka unene angesema unene. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu mpya. Nimegandisha vibao nyuma ya matundu kwa gundi. Kina kimepatikana! Kisha matundu ya ukingoni. Karatasi inasema milimita tisa kutoka juu, eti hapo ndipo katikati ya ubao. Nimetii karatasi. Ukingo umefunguka tabaka tabaka kama daftari lililonyeshewa. Nimelia kidogo, nikapaka gundi, nikabana kwa vibanio vya nguo. Mama ameuliza nani kaziangusha nguo zake zote chini. Nimesema ukweli. Haukusaidia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda kwa fundi kumsihi aicheleweshe meza ya Dada. Si uungwana, najua. Akacheka mpaka akashika randa isianguke. Akasema yeye hahitaji kuombwa ili achelewe, hata mbao zake hajazigusa. Nikafurahi sana. Akaushika ubao niliokwenda nao kama anayeshika kuku mgonjwa, akanishauri niachane na viungo, nitie vipande vya mti kwenye kona na skrubu za kawaida. Nimemsikiliza kwa adabu. Ni mtu mwema, ila hajaisoma karatasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi jioni meza ilisimama. Peke yake! Dada akainama kutafuta kasoro. Baba akaweka kamusi juu. Ikasimama. Akaegemeza kiwiko. Ikasimama. Akafungua mdomo aniambie kona ni yangu. Nami, kwa kutaka uhakika, nikakipa kiungo cha mwisho robo mzunguko zaidi.

Kraa!

Ikalala taratibu, pamoja na kamusi na Baba.

Nusu saa baadaye fundi akabisha hodi, meza ya Dada begani. Akanishukuru mbele ya watu wote: nisingepita jana, angeisahau kabisa. Imeingia mlangoni kiubavu, nzima nzima.

Jumapili, 10 Agosti

Kona imekwenda. Daftari limerudi juu ya mto. Dada anajitazama kwenye kioo na kuimba. Asubuhi nzima nimelala kifudifudi.

Lakini nimewaza. Dada ana mchumba. Akiolewa kabla ya Novemba, ataondoka na meza yake! Mchana mchumba alipokuja, nikamkaribisha, nikamwita shemeji, nikamwambia wasisubiri sana, na zawadi yangu ya harusi itakuwa kitanda nitakachounda mwenyewe, kile cha kufungua na kufunga. Akafurahi mno. Dada akanitazama kwa jicho la pembeni. Plaiwudi iliyobaki inatosha nikiwa mwangalifu. Na kwa kuwa shemeji ni mtu wa mwili, viungo vinane havitoshi. Nitaweka kumi na sita.