Kutu ya Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Miezi mitano sasa tangu tukuzike. Nakuandikia wewe kwa sababu mke wangu amechoka kusikia habari za treni.

Chama chetu cha treni ndogo za mfano kimekutana leo. Mwenyekiti ametangaza kuwa ile kona yako ya meza, pale dirishani reli inapopinda, itapewa mtu Jumamosi. Atakayeleta behewa linaloonekana limefanya kazi kuliko yote. Nikasema kona ile ni ya familia. Akasema kona ile ni ya chama.

Fundi Saa anaitaka. Alinitazama akitabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu na lenzi jichoni.

Jumanne, 4 Machi

Wewe ulikuwa unapaka rangi ya kutu kwa brashi ya nywele tatu. Doa moja, kisha chai. Ulisema kutu huanza pale maji yanapotuama: chini ya mlango, kwenye ngazi, kwenye vichwa vya skrubu. Ukasema pia mimi sina subira.

Sihitaji subira. Nina akili. Kwa nini niige kutu wakati kutu yenyewe ipo? Nimelitumbukiza behewa langu la bati kwenye sufuria ya siki na chumvi.

Mke wangu ameinua kifuniko. Ameuliza kama usiku tunakula supu ya behewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Nilijifanya saa yangu imekufa. Fundi Saa akaitia ufunguo, ikafufuka, akanirudishia. Kando yake kuna behewa. Ameweka doa moja chini ya mlango. Analipuliza.

Doa moja, na leo Jumatano! Nimerudi nyumbani nikicheka. Nimeongeza chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Kutu imekuja. Ubavuni, paani, tumboni. Hata magurudumu. Magurudumu sikuyapanga, nayahesabu kuwa nyongeza.

Sufuria nayo imeota madoa. Mke wangu amesema nipeleke sufuria mashindanoni, angalau ina mpini.

Jumamosi, 8 Machi

Mwamuzi alikuwa mkaguzi wa mabehewa mstaafu. Alilisukuma langu kwa kidole. Magurudumu yakagoma. Akaligonga kwa kalamu, akatega sikio. Mlango ukadondoka.

Akatoa chaki mfukoni, akalichora msalaba ubavuni. Akasema kwa miaka yote ya kazi yake, behewa kama hili hakuliruhusu litoke karakana.

Nikamuuliza kama hiyo si sifa kubwa kuliko zote. Akasema, "Mzee mwenzangu, tulitaka behewa lililofanya kazi. Hili limekufa."

Fundi Saa ameshinda. Madoa manne tu.

Nikangoja aweke behewa lake kwenye kona. Akafungua kisanduku, akatoa lako. Lile la kijivu, lenye alama ya kidole gumba chako karibu na ngazi. Uliligusa rangi ikiwa mbichi, ukakataa kuifuta. Kumbe alikwenda kwa shemeji kuliomba. Akasema kona ina mwenyewe. Akasema alishindana ili isije ikamwangukia mtu wa haraka.

Nilitazama dari kwa muda. Dari ile inahitaji rangi.

Jumapili, 9 Machi

Fundi Saa ni mtu mwema. Ameniruhusu nilichukue behewa lako hadi kesho, nilipanguse vumbi tu. Amenisihi mara mbili kwamba ni vumbi tu.

Nimelipangusa. Liko mezani mbele yangu. Nimeweka gumba langu kando ya alama ya gumba lako. Lako kubwa zaidi. Mama alikuwa akisema mikono yetu haikutoka tumbo moja.

Nimelitazama vizuri sasa kwenye mwanga. Ni zuri, Kaka. Ila karibu na ngazi limepauka kidogo. Mwamuzi hakuona, lakini mimi nduguyo naona. Kosa langu lilikuwa chumvi. Chumvi ilizidi. Siki peke yake, matone mawili tu, haiwezi kudhuru. Alama yako nitaizungushia nta ya mshumaa.

Mke wangu ameficha siki. Iko nyuma ya unga, siku zote huificha nyuma ya unga.

Unikumbuke huko uliko, Kaka.

Mdogo wako