Nyasi za Kupokelea Wakwe

Jumatatu, 11 Mei
Nyasi zimefika zimekunjwa kama mikeka! Miaka yote hii hapa Bombolulu sijaona nyasi zikibebwa begani. Fundi wa bustani, Abdulaziz, amezitandika uwanja mzima kabla ya adhuhuri. Anasema nizimwagie maji asubuhi na jioni, zisikanyagwe, zishike mizizi kabla ya kipupwe. Baridi ikiingia, zinalala. Nikamuuliza kama zinakoroma. Akasema wallahi bibi, hilo hajalichunguza. Fundi gani huyu?

Tarehe 23 wakwe wanakuja kumposa mjukuu wangu Caroline. Mwanangu Nguma, baba yake, amekata shauri: uwanja ukiwa wa kijani, watapokelewa kwangu. Ukiwa matope, kwa Margaret, mama mkwe wake, jirani yangu mwenye uwanja wa sementi na moyo wa sementi. Mimi bibi wa kuumeni nikapokelee wageni kwa bibi wa kukeni? Thubutu!

Jumanne, 12 Mei
Nimefagia uwanja alfajiri kama kawaida. Mwanamke gani anaamka akauacha? Fagio la chelewa limezilaza nyasi upande mmoja, nadhifu kama kichwa cha mtoto wa shule. Kisha nikafunua kipande nione mizizi. Hakuna. Nyungunyungu mmoja tu, naye anashangaa.

Alhamisi, 14 Mei
Nimempigia Abdulaziz: mizizi iko wapi? Akasema nisubiri wiki mbili, ndipo nivute kona moja, polepole. Ikikataa, imeshika. Wiki mbili! Nimevuta kona zote leo. Hakuna iliyokataa. Chini kuna vinyuzi vyeupe, laini kama utando wa buibui. Vinakunywaje? Nimekata kimoja nikakiangalia juani. Sijaona mdomo.

Jumamosi, 16 Mei
Pembeni zinageuka manjano. Kuku wa Margaret! Nani mwingine? Nimekaa mlangoni na bakora tangu asubuhi. Hakuja kuku, kaja mwenyewe. Ati mwenzangu, unazilinda au unazikalia matanga? Nikamwambia aende akapalilie sementi yake.

Jumatatu, 18 Mei
Abdulaziz kaja. Kafunua, kaguna. Kauliza nani anazifunua. Nikasema upepo. Akauliza, na upepo huo una fagio? Kumbe ameona michirizi. Ati kila siku mizizi inatoka, kila siku naing'oa. Nisifagie, nisifunue, mpaka kipupwe kipite. Vipande vilivyokufa kabadilisha. Nimekaripiwa na mtu ambaye hata mama yake nimemzidi umri!

Alhamisi, 21 Mei
Siku ya tatu sijafagia. Mkono unawasha. Majani ya mwarobaini yametapakaa kila mahali. Margaret kapita, kamwambia muuza mkaa kwa sauti kwamba uzee ni kitu kibaya, mtu anashindwa hata na fagio. Nimevumilia. Nimevuta kona moja tu, kidogo. Imekataa! Nikavuta tena. Ikakataa tena! Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 23 Mei
Alfajiri natoka, uwanja takataka tupu, na wakwe wako njiani. Watasema Caroline katoka nyumba gani? Nikafagia. Ardhi ilikuwa tepetepe kwa mvua ya usiku. Nyasi zikaja na fagio, kipande baada ya kipande, hata ile kona iliyonikatalia juzi. Nguma akatoka kuniamkia, akasahau shikamoo. Akasimama mlangoni ameshika kichwa.

Wakwe wamepokelewa kwa Margaret. Margaret kaketi mbele, mimi nyuma karibu na pipa la maji. Kila mgeni akiisifu ile sementi, Margaret ananigeukia kunitazama. Nyanya yake kijana anayeposa, Kanze, akaja kukaa nami. Akauliza ule uwanja wa udongo wa nyumba ya pili, nani kaufagia vile, mbona hauna hata jani? Nikasema mimi. Akanishika mkono, akasema watu wanaofagia hivi wamebaki wachache. Nikamtazama Margaret mpaka akainamisha macho.

Jumapili, 24 Mei
Posa imekubaliwa, harusi Desemba. Nimemwambia Nguma zile nyasi zilikuwa dhaifu, aagize nyingine mapema. Abdulaziz kapiga simu, kwa heshima safari hii, kuuliza nataka aina gani.

Nimemwambia ile inayofagilika.