Mlango wa Maabara ya Ishara

(Hotuba ya Mkurugenzi wa Miradi, uani mwa chuo cha uhandisi, mbele ya mlango mpya uliofungwa utepe.)

Ndugu Mkuu wa Chuo, ndugu Makamu wako wa kwanza na yule wa pili ambaye nasikia bado anakaimu, ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ufunguzi, ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Utepe, walimu, wazazi, wapishi mliosimama dirishani, na ninyi vijana arobaini na mmoja wa mwaka wa tatu ambao bila maksi za vitendo hamhitimu, pamoja na kila mwenye cheo ambacho sikukitaja lakini mwenyewe anajijua, nawasalimu. (Makofi.)

Nimekuja kufungua Maabara ya Ishara na Mifumo. Watu huniuliza ishara ni nini, nami, niliyehudhuria semina saba za jambo hili, mbili kati ya hizo nikiwa macho mwanzo hadi mwisho, huwajibu kwamba ishara ni kile kinachoingia kwenye mfumo, na mfumo ni ule unaokipokea, ukakichakata, ukakitoa upande wa pili kikiwa na mhuri. (Mwalimu wa somo anashika kichwa.) Upembuzi yakinifu umekamilika kwa asilimia mia, upembuzi wa upembuzi huo asilimia tisini na nne, na implimentesheni, ambayo wenye wivu wanadai haijaanza, imefikia hatua ya kukaribia kuanza. (Kicheko nyuma.) Mimi binafsi, bila kujisifu, maana wa kunisifu wapo na nimewakalisha mstari wa mbele...

(Spika zinapiga mluzi mkali. Wapishi wanaziba masikio.)

Mnasikia, hata vyombo vinashangilia. (Mluzi unazidi.) Naona binti wa mwaka wa tatu anakuja mbio. Sema, mwanangu, mimi ni baba yako.

"Shikamoo, mheshimiwa. Umesimama mbele ya spika. Sauti ikitoka inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka kubwa zaidi, inarudi tena. Mrejesho huo. Rudi nyuma hatua mbili tu."

Sijawahi kurudi nyuma tangu niajiriwe, lakini haya. (Anarudi. Mluzi unakatika. Makofi.) Ndugu zangu, hayo ni matunda ya maabara hata kabla haijafunguliwa. Na mrejesho tunauthamini sana ofisini kwangu. Tuna sanduku la maoni zuri kabisa, la mbao ngumu, ambalo ufunguo wake tunautafuta mwaka wa sita sasa. Umejifunzia wapi haya, binti?

"Kwa mjomba. Anakodisha spika za harusi, hizi ni zake. Hapa chuoni tunachora mawimbi kwa chaki, tunajifanya tunayaona kwenye mashine. Mtihani wa vitendo ni Jumatatu, na mwalimu kasema asiyepima kitu cha kweli anarudia mwaka. Mama kaniuliza mara tatu kama kweli namaliza, namjibu ndiyo, narudi kwenye chaki. Mashine ziko humo ndani?"

Swali zuri, na nitalijibu mpaka lichoke. Mashine zipo ukurasa wa kumi na tisa wa andiko la mradi, kwa picha za rangi. Kwa maana ya kisera, ziko njiani. Na kuhusu Jumatatu, naagiza mtihani ufanyike na asifeli mtu. (Anakata utepe. Anasukuma mlango. Hausogei.) Msishangae, huu ni mlango wa kisasa. Nikisema Ishara, semeni Juu. Ishara. (Wapishi: Juu.) Mifumo. (Wapishi wanarudi kwenye masufuria.)

Mwisho, namshukuru Mkuu wa Chuo kwa kutuazima ukuta wa nyuma wa stoo, maana bila ukuta mlango ungeanguka. Namshukuru fundi seremala aliyeupigilia mlango asubuhi, na namwomba sasa aung'oe taratibu asikwaruze rangi, kwa sababu saa tisa nafungua maabara nyingine kama hii chuo cha jirani, na mlango ni huu huu. Utepe tutaunga. Vijana, pakieni na spika, nami nawashukuru kwa...

("Spika ni za mjomba," binti anasema, safari hii ameshika maiki yeye. "Nimeshaongea naye. Zinabaki hapa mpaka Jumatatu." Mwalimu amefungua daftari la maksi. Anamwambia aigeuze spika ielekee maiki, awaite wenzake arobaini, wapime mluzi unaanzia hatua ya ngapi. Mkurugenzi anaendelea kushukuru, ila hasikiki.)