Shamba la Bibi Limelala, Halijafa

Jumatatu, 8 Septemba
Kampuni ya umeme wa jua imefika hapa Mpui. Wanataka uwanda wote wa ng'ambo ya mto, waujaze paneli. Mkubwa wao, Bwana Obed, kasimama katikati ya shamba la bibi yangu, Bibi Coleta, akasema eneo hili ni tupu, nyasi tu. Tupu! Bibi amelilaza mwaka wa pili sasa ili lipate nguvu. Wakilichukua, tutakula nini? Jumatano wanarudi kuweka alama. Watalikuta limelimwa!

Jumanne, 9
Mpango: intumba. Sisi Wafipa tunafukia nyasi chini ya udongo, tunatengeneza tuta la duara, nyasi zinaoza, ardhi inashiba. Nani atasema tupu? Nimelima tangu kutoka shule. Kashinje, tunayesoma naye, alipita na ng'ombe wa baba yake. Akauliza, Mfipa gani wewe unapiga intumba kiangazi, udongo mkavu kama tofali? Nikamwambia achunge ng'ombe wake. Akasema hata wao wanacheka. Duara limenishinda, nimefanya matuta marefu. Malengelenge viganja vyote. Sijutii.

Jumatano, 10
Bwana Obed kayatazama matuta yangu, akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani ulipita hapa. Anadhani ni makaburi! Akasema makaburi hayaguswi bila ndugu wa marehemu. Nikainamisha kichwa. Sikudanganya, sikusema neno. Kashinje alikuwa anatafuna fimbo yake asicheke.

Alhamisi, 11
Balaa. Bwana Obed kaja nyumbani na mwenyekiti wa kijiji, na mchele wa rambirambi. Bibi akauliza kafa nani. Wakaenda wote shambani. Bibi akazunguka, akatazama, akasema hapa hakuna maiti, kuna mjukuu asiyejua msimu. Kashinje alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo Bibi akachimba kidogo kwa jembe, akamwonyesha Bwana Obed udongo mweusi wa intumba za zamani. Akamwambia, baba, shamba hili limelala, halijafa. Bwana Obed kakubali kutokuweka alama mpaka mkutano wa kijiji uamue. Mchele Bibi hajaurudisha.

Ijumaa, 12
Nimesawazisha matuta yote, Bibi kanisimamia. Kasema ujanja basi, habari ya ardhi husemwa kwa mdomo mkutanoni, na yeye atasema. Nimeitikia. Ni kweli kabisa. Ila Bibi akisema sana hukohoa, lazima tuwe wawili, na watoto hawaruhusiwi kusema mkutanoni. Kwa hiyo nimechukua kitenge chake. Kilemba nimekifunga hadi kwenye nyusi, mwendo wa kuinama naujua. Jioni nimemjaribu Kashinje njia ya mtoni. Kanisalimia shikamoo Bibi, kainama kabisa, mabega yanamtetemeka. Heshima hiyo!

Nikaitikia, marahaba mwanangu.