Kamati ya Michango ya Wagonjwa

Ijulikane kwa umma wote, kuanzia Masasi hadi Newala, kwamba uwanda wetu hautaaibika tena mbele ya mataifa. Ndivyo lilivyosomeka tangazo la Ndugu Zabroni, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Grafu na Mistari, Kanda ya Uwanda, na lilibandikwa kwenye kila ghala la korosho.

Chanzo chake kilikuwa barua fupi. Vijana wa kujitolea wa nchi mbalimbali walikuwa wanachora mtandaoni grafu ya lile gonjwa la kikohozi, grafu iliyo wazi, yeyote aongeze, yeyote akague. Wakaandika: "Tunaomba mchangie takwimu mpya za nchi yenu, hadi za kata."

Mabel, karani wa takwimu ambaye ofisini walimwita Mama Gift, alielewa mara moja. Alikuwa ameshazunguka zahanati wiki tatu, Mkunya na Mnyambe, vumbi hadi kwenye kope, akapata wagonjwa saba. Wa saba alikuwa mama yake mzazi, aliyepona, na ambaye kila asubuhi alimwuliza, "Kwenye huo mchoro wenu, nami nimo?" Mabel alimwahidi kuwa atakuwamo.

Lakini Mratibu alipofika kwenye neno "mchangie" hakuendelea kusoma. Mtu mzima akisikia mchango anajua la kufanya. Aliunda kamati, akateua mweka hazina wa wagonjwa, akachapisha kadi zenye maua pembeni, zikiomba mchango wa hali na mali.

Mabel alimwamkia vizuri, akamweleza taratibu kuwa mgonjwa hachangwi, anahesabiwa tu, na waliohesabiwa ni saba.

"Saba, Mama Gift?" Mratibu alimtazama kwa huruma. "Saba ni mchango wa mtu asiye na ndugu."

Haya, siku ya kuchangishana ukumbini ikafika. Kata moja iliahidi kumi na wawili. Jirani yake, asiyekubali kushindwa hata kwa kuchelewa, akatoa thelathini. Mzee Barnaba mwenye ghala akatoa wawili taslimu na watatu baada ya mavuno, vigelegele vikapigwa. Mwishoni alisimama mgeni rasmi, ambaye alikuwa Mratibu mwenyewe, akakohoa kidogo kwa mfano, akatangaza kuwa ofisi yake inatoa arobaini. Mabel akamnong'oneza kwamba ofisi ina watu kumi na mmoja, mlinzi akiwemo.

"Ahadi ni deni," alisema Mratibu, "na mchango haurudishwi. Andika."

Akaandika, maana kazi ni kazi, lakini moyo ulimuuma jamani. Mama yake alizama katikati ya umati wa watu ambao hawajawahi hata kupiga chafya. Mstari ukapanda. Mratibu aliuchapisha kwenye fulana, akaalikwa Dodoma kupokea ngao ya Kanda Inayokua kwa Kasi.

Asubuhi ya safari, suti ikiwa imeshapigwa pasi, magari mawili yalifika kutoka Masasi. Wakashuka watu waliojifunika meupe toka utosini hadi nyayoni, wakiongozwa na muuguzi mpole, Yasinta. Alisema wameona kwenye grafu ofisi moja yenye wagonjwa arobaini, basi inafungwa siku kumi na nne, na aliyemo abaki humo humo. Wakahesabiwa, wakawa kumi tu, kwa kuwa Mabel alikuwa Mkunya. Yasinta akauliza wengine thelathini wako wapi. Mratibu akarekebisha tai, naye Yasinta akaandika: wametoroka.

Siku ya tatu Mratibu alimwita Mabel dirishani, tai bado ipo shingoni.

"Mama Gift, mwanangu, irudishe ile saba yako."

"Mchango haurudishwi, Mheshimiwa."

Hata hivyo alimpenyezea karatasi kwenye nondo. Alimweleza kuwa grafu ile ina sharti moja: anayebadilisha takwimu aandike sababu na jina lake, na dunia nzima isome. Mratibu aliitafuna kalamu saa nzima. Kisha akaandika: "Mimi Zabroni nilichangisha wagonjwa. Hawakuwapo."

Mstari ukashuka hadi saba. Mabel alimpelekea mama yake simu aone. Mama aliweka kidole juu ya nukta ya mwisho, akatabasamu, kisha akauliza yale maandishi ya chini ni ya nani. Akaambiwa ni ya Mratibu.

"Kumbe naye aliugua? Amepona?"

"Bado siku kumi na moja, mama."