Nilivyojivika Sinendet kwa Jina Ambalo Sijapewa

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima. Kwaya pia walikuwepo, wote, na sare zao.

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni mjane wa hapa Kimulot, na nina chai. Si ile ya kupeleka kiwandani. Hii ni ya zambarau, naichuma mwenyewe, naisokota kwa mikono, naikausha jikoni. Naongea nayo pia (nyumbani hakuna mtu mwingine wa kuongea naye). Binti yangu Chebet ni nesi Uingereza, na kuna duka huko linauza pakiti zangu. Zimeandikwa Kogo, yaani nyanya. Wajukuu huniita hivyo kwa simu tu, kwa hivyo niliona heri niliandike mahali nitakuwa nikiliona.

Chebet akasema jina hilo lisajiliwe huko kama alama ya biashara, kabla mtu mwingine hajalichukua. Sawa. Akajaza fomu, akatuma, tukangoja.

Jana jioni akanitumia picha kwa WhatsApp. Ukurasa wa jarida la serikali ya huko, na Kogo imo! Na ule mchoro wangu wa kikapu! Chini yake kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza, mengi. Sikuyasoma. (Nani husoma maneno madogo akiwa na furaha?) Nikampigia, hakushika, alikuwa kazini. Nikaamua mwenyewe: tumepewa.

Sasa, kwetu mtu akishinda huvishwa sinendet, ule mmea wa kutambaa wanaovishwa wanariadha wakirudi na medali. Huvishwa na watu wake. Mimi leo asubuhi niliukata mwenyewe, nikajivika mwenyewe mbele ya kioo, nikajipigia makofi. Machozi yakanitoka kidogo. Nikabeba kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yetu ya sherehe, nikaenda kanisani.

Wakati wa shukrani nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Uingereza wamenipa jina langu!"

Vigelegele! Akina mama wakaimba. Mchungaji akanywa mursik pale mbele (akabaki na masharubu meupe). Ningeketi hapo, ningekuwa salama. Lakini miaka tisa, tangu mzee wangu afe, sijashangiliwa na mtu. Nikataka zaidi. Nikampigia Chebet video, na Mchungaji akasogeza maikrofoni kwa simu.

"Chebet, salimia watu wa kanisa!"

Akatokea na kofia ya kulala. "Mum? Mbona umevaa sinendet?"

"Si tumepewa jina!"

"Mum! Nani amesema? Hawajapeana! Wameitangaza tu, ndio kama kuna mtu anapinga aseme. Ni miezi miwili. Si imeandikwa hapo chini?"

Spika za kanisa letu ni mpya. Hata ng'ombe wa nje walisikia.

Mimi nimesimama pale na majani yangu shingoni. Mchungaji akajaribu kuniokoa. "Kumbe ni kama matangazo ya ndoa! Bado harusi." Watu wakacheka hadi benchi zikalia. Kisha, kwa mazoea tu, akauliza: "Je, kuna mtu yeyote aliye na pingamizi?"

Rael akasimama. Rael ni jirani yangu, tunapakana ua.

"Mimi niko nayo," akasema. "Mama Chebet, Wazungu ndio wanakunywa hiyo chai yako. Mimi jirani sijawahi onja hata kikombe moja. Tangu tuzike mzee, geti yako ni kufuli. Tukibisha, unasema uko na kazi."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Na alisema kweli. Nilifunga lile geti kwa sababu sikutaka kuonekana nikilia, halafu nikasahau kulifungua. Na miaka hiyo yote nimekuwa nikilaumu watu kwamba hawaji.

Nikasema, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, "Basi kujeni leo. Saa kumi. Wote." Nikaketi haraka. Nikakalia kibuyu. (Ndiyo, kilikuwa na mursik bado. Ndiyo, kilipasuka.)

Sasa ni saa kumi kasoro kidogo. Nimebadilisha nguo. Nimetoa kufuli, nimeshusha vikombe vya harusi yetu kabatini, maji yanachemka, na barabarani sijaona mtu. Jina nalo si langu hadi miezi miwili iishe, kama hakuna mwingine wa kupinga.

Tafadhali msinicheke huko mliko. Anayetaka kunicheka aje anichekee hapa jikoni, nimeweka chai ya watu wengi.